Bi mkubwa hajawahi kuona bahari, nimpeleke wapi?

Mtoto wa Nkuhungu:
Habari wadau. Mimi niko Dodoma mjini, bi mkubwa yupo Mpwapwa, ana miaka 67 na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Juzi wajukuu walikuwa wanaangalia video kwenye simu akauliza haya maji yote ni ya mto gani, tukacheka wote ila usiku nikiwa nimelala roho ikaniuma. Sasa Desemba shule zikifunga nataka niwapeleke, yeye na mke wangu na watoto wawili (9 na 5), siku nne hivi. Zanzibar mfuko umekataa, na mama mwenyewe kashasema chombo cha majini hapandi. Dar napajua, nimekaa Tandika miaka miwili, zile kelele sizitaki. Nataka sehemu mama akae mkekani, akanyage maji, ale samaki, basi. Naomba ushauri unaoeleweka sio mtu aje aniambie nenda Coco.

Kizibo:
Nenda Coco 😂😂

Natania mkuu. Panda SGR hapo, nauli ya daraja la kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000, masaa kama manne hivi uko Dar, mama hachoki. Ukifika vuka daraja uende Kigamboni, ila katikati ya wiki, wikiendi muziki unapigwa mpaka samaki wanahama.

Binti Pangani:
Kaka mimi kwetu Pangani ila nafanya kazi hapo Dodoma mwaka wa sita sasa, ngoja nikueleze vizuri. Kwetu ndo kuzuri kuliko kote (sina upendeleo 😄) ila kwa siku nne na mtu mzima utawachosha, basi mpaka Muheza afu mshuke mtafute gari ya Pangani, na fukwe zenyewe nzuri za Ushongo ziko ng'ambo ya mto, mara ya mwisho nilipopita tulivuka kwa pantoni. Mama si kakataa vyombo?

Mpeleke Bagamoyo. Kama una gari wala usifike Dar, ukifika Chalinze kamata barabara ya Segera mpaka Msata, kulia, kilomita kama 64 za lami uko Bagamoyo. Kama ni treni basi mkishuka Dar tafuteni magari ya Bagamoyo, ni kilomita 70 hivi. Na mama wa Mpwapwa Bagamoyo ina stori naye. Misafara ya zamani ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa inapumzika Mpwapwa, inachota maji, afu inaingia Marenga Mkali ambako hamna maji kabisa, ikitoka hapo iko Ugogo na watemi wanadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Kwahiyo muonyeshe Caravan Serai, lile jengo la zamani la misafara, mwambie watu wa hapa ndo walikuwa wanapita kwenu. Kaole nako mpeleke asubuhi kabla jua halijakaza, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13.

Ila nisikudanganye, maji ya Bagamoyo sio yale ya bluu ya kwenye video. Mto Ruvu unamwaga pale karibu, kwahiyo yana rangi ya chai ya maziwa kidogo. Yako safi, ni udongo tu.

Fundi Kisasa:
Anachosema dada ni kweli, ila kuna kitu kasahau na mimi kilinitokea mwaka juzi. Nimebeba familia kutoka huku, tumelala gesti, asubuhi saa nne tumevaa tumependeza na boya la mtoto nimeshalipuliza nyumbani kabisa mashavu yameniuma, tunafika ufukweni hamna bahari. Mchanga na tope mpaka kule mbali, mitumbwi imelala ubavu. Mwanangu ananiuliza baba bahari iko wapi. Nikamuuliza jamaa wa gesti mbona hukuniambia, anasema nilidhani unajua. Mtu wa Dodoma najulia wapi?

Binti Pangani:
😂😂😂 pole kaka. Kweli nimesahau, sisi tumezaliwa nayo hatukumbuki kusema. Sikilizeni, bahari yetu inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka mbali sana, mara nyingi ile saa nne saa tano asubuhi, yanarudi kujaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayaendi mbali, na asubuhi unayakuta yamejaa. Kwahiyo Mtoto wa Nkuhungu usichague tarehe kwa kuangalia mshahara, angalia mwezi. Kwa mtu mzima na watoto nenda maji mafu. Siku ukifika waulize wavuvi leo maji yanajaa saa ngapi, usimuulize mtu wa mapokezi.

Joto la Desemba sio kama la Dodoma, ni fukuto, kanga mbili tatu za kubadilisha zitahitajika. Na samaki nunueni pale pale sokoni wanapokaanga, msisubiri kuletewa mezani kwa bei ya mgeni.

Mtoto wa Nkuhungu:
Dah asanteni, dada umenifungua macho. Bagamoyo basi, kwa gari, Msata nimeshaweka alama. Kalenda ya mwezi naitafuta leo leo. Nimempigia mama nikamsomea yote, Marenga Mkali anaijua, kasema bibi yake alikuwa anaitaja. Ila kaniuliza swali nimekwama: hayo maji yakiondoka yanaenda wapi?

Kizibo:
Mwambie yanaenda Unguja kusalimia, jioni yanarudi.

Binti Pangani:
Yanavutwa na mwezi kaka. Ila hilo la Kizibo atalielewa haraka zaidi 😂