Je, kelele na mwanga wa ofisini ni jukumu la mwajiri?

Mtoa hoja, Mtwara:

Ndugu zangu, ofisi ninayofanyia kazi ilibomoa kuta na kutuweka makarani wote katika ukumbi mmoja, kwa maelezo kwamba tukionana tutaongeza bidii. Msimu wa korosho ulipofika, nilikuwa nikiingiza kilo za stakabadhi za ghala huku mwenzangu wa meza ya jirani akimsomea mtu kilo nyingine kwa simu. Mara mbili niliandika tarakimu nilizozisikia badala ya zile zilizokuwa mbele yangu. Ninakataa kuitwa mzembe kwa hilo. Maneno yanayoeleweka huvuruga kumbukumbu kuliko mvumo wa feni, kwa kuwa akili huyafuata hata usipotaka kuyasikiliza. Kwangu mimi, utulivu na mwanga ni vitendea kazi, na anayepaswa kuvitoa ni mwajiri.

Mchangiaji, Lindi:

Nakuelewa, ndugu, lakini sisi umeme ukikatika jenereta huunguruma na kazi inaendelea, kwa sababu sikio huzoea. Jua nalo tunalo bure. Fedha za kujenga vyumba ziongezwe kwenye mishahara.

Mtoa hoja:

Sikio linaloonekana limezoea huenda linaumia: ukali wa sauti wa desibeli 85 kwa saa 8 kila siku ni kiwango ambacho wataalamu wa afya ya kazi hukihesabu kuwa cha hatari kwa usikivu.

Jua tunalo kweli, ila meza zimepangwa vibaya. Madirisha yetu yanaelekea magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri mng'ao hupiga vioo vya kompyuta hata karani mmoja hukinga kiganja juu ya safu anayoisoma. Hatimaye tunavuta mapazia na kuwasha taa za mrija mchana kweupe. Taa hizo zenye choki za zamani, yaani vifaa vya kudhibiti umeme unaoingia kwenye taa, hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua, na utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulionyesha kwamba maumivu ya kichwa na uchovu wa macho kwa wafanyakazi wa ofisini vilipungua kwa zaidi ya nusu walipowekewa choki za elektroniki.

Mishahara iongezwe, siipingi hoja hiyo hata kidogo. Lakini kugeuza meza ili dirisha liwe ubavuni hakuna gharama, na chumba kimoja cha kupokelea simu hakilazimu kurudisha kuta zote. Nikuulize, ndugu yangu: jenereta yenu imewekwa wapi, na ni nani anayekaa karibu nayo?