Bat mitzva ya binti yetu: Philadelphia, Jerusalem au Mbale?

MamaYael (Philadelphia)

Habari zenu wazazi wenzangu. Yael anatimiza miaka 13 mwakani, naye atafanya bat mitzva yake, yaani sherehe ya msichana wa Kiyahudi kuingia utu uzima wa kidini, katika mwezi wa Heshvani wa kalenda ya Kiyahudi, unaoangukia Oktoba au Novemba. Rabi wetu ametupa Sabato ya parasha (fungu la Torati la juma) ya Lekh Lekha: Mwanzo kuanzia sura ya 12, Abrahamu anapoambiwa atoke katika nchi yake. Haftara ya Sabato hiyo, yaani somo la manabii linaloimbwa baada ya Torati, linatoka Isaya 40 na 41. Mama yangu yuko Nakuru, ni Mkristo wa kanisa tangu utotoni. Aliposikia kwamba mjukuu wake ataimba Isaya 40:31 kwa Kiebrania, ule mstari wa mbawa kama tai ambao yeye huusoma kila msiba na kila arusi ya ukoo, alilia kwenye simu. Tangu siku ile nimeapa kwamba lazima awepo.

Kwa msiotufahamu: mume wangu ni Myahudi wa hapa, nami niliingia Uyahudi kabla Yael hajazaliwa, katika mkondo wa Conservative, usio mkali kama Orthodoksi. Kwetu msichana huitwa kwenye Torati sawasawa na mvulana.

Tunapima mahali patatu. Sinagogi yetu hapa, ambako marafiki zake wote wapo, ila visa ya mama haijulikani itatoka lini. Jerusalem, ambako ndugu za mume wangu wanatusukuma sana. Na Mbale, Uganda, kwa Wayahudi wa Abayudaya, ambako mama anaweza kufika kwa barabara. Nairobi nimeiwaza pia.

Swali la pili ni la mafunzo: darasa la sinagogi, mwalimu wa peke yake, au rekodi za kusikiliza nyumbani? Karibuni.

BabaEitan (Toronto)

Dada, sisi mvulana wetu tulimpeleka Jerusalem, kwenye Ukuta wa Magharibi, siku ya Alhamisi. Nitakueleza mazuri na magumu yake.

Torati husomwa hadharani Sabato, Jumatatu na Alhamisi. Familia zinazosafiri huchagua Jumatatu au Alhamisi kwa sababu siku hizo mnaweza kupiga picha, kupiga ngoma, kumbeba mtoto mabegani na kumrushia peremende. Sabato hayo mengi hayaruhusiwi. Pia mvulana huvaa tefilini, visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani, siku za kawaida, na Sabato hazivaliwi, kwa hiyo kwetu ilikuwa picha ambayo babu yake ameiweka sebuleni hadi leo.

Sasa magumu. Siku hizo usomaji ni mfupi. Wanaitwa watu watatu tu, husomwa mwanzo wa parasha ya Sabato inayofuata, na haftara haipo. Ukimpeleka Yael Alhamisi, Isaya ya mama yako imekwenda.

La pili, yeye ni msichana. Kwenye uwanja mkuu wa Ukuta wanaume na wanawake wanatenganishwa, na upande wa wanawake usimamizi hauruhusu kusoma kutoka gombo la Torati. Mke wangu alisimama juu ya kiti cha plastiki akichungulia juu ya kizuizi, na ilimuuma. Familia za mkondo wenu hutumia sehemu ya kusini, karibu na Tao la Robinson, ambako wote husali pamoja. Serikali ilipitisha makubaliano ya kuiboresha sehemu hiyo Januari 2016, ikayasimamisha Juni 2017. Inatumika, lakini msije mkidhani mtakuwa kwenye ule uwanja mnaouona kwenye picha.

Na tangu Oktoba 2023 mashirika ya ndege yamekuwa yakisimamisha safari za huko na kuzirejesha. Bibi wa Nakuru na tiketi ya namna hiyo, mimi nisingethubutu.

Kimani_NRB

Mama Yael, kuhusu Nairobi nitakuambia wazi. Sinagogi ya Nairobi Hebrew Congregation, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, ina historia ndefu: jengo la kwanza lilifunguliwa 1913 na hili la sasa ni la 1955. Lakini ibada yake hufuata Orthodoksi. Wanawake hukaa upande wao, na msichana haitwi kwenye gombo. Anaweza kuheshimiwa kwa hotuba na chakula baada ya ibada, na hilo si dogo. Ila kama Yael amejifunza mwaka mzima ili asome, Nairobi si mahali pake.

Iko pia jamii ndogo ya Kasuku, kule Nyandarua karibu na Ol Kalou. Watu wakarimu sana, na kwa mama yako ni karibu kuliko kote. Watembeleeni mkiwa njiani, ila jambo kubwa kama hili msiwatwike.

MbaleKwetu

Karibuni Mbale, lakini naomba niseme kwanza jambo linalotugusa sisi tulio huku.

Abayudaya hawakuanza kwa ajili ya wageni. Semei Kakungulu aliwaongoza watu wake kuingia Uyahudi mwaka 1919. Enzi za Idi Amin ibada ilipigwa marufuku, wazee wakasali kwa kujificha, na wengi wakaacha. Waliobaki ndio waliojenga upya. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles, na sinagogi kubwa ya kilima cha Nabugoye ilifunguliwa 2016. Kwa hiyo ukija na mtoto wako, unakuja kwenye Sabato ya watu ambao wana watoto wao wanaosubiri zamu ya kuitwa. Andika mapema, muulize rabi kama Sabato hiyo ina mtoto wa hapa, na ukubali kugawana usomaji.

Ibada ya Nabugoye ni ya Kiebrania pamoja na Kiluganda. Zaburi zinaimbwa kwa sauti za hapa, gitaa na ngoma zikisikika Ijumaa jioni. Wanaume na wanawake wanaketi pamoja na wasichana wanasoma Torati. Ila jamii ya Putti, iliyo karibu, inafuata Orthodoksi, msichanganye.

Msilete masanduku ya nguo kuukuu. Changieni chakula cha Sabato cha watu wote, mkae nacho mezani pamoja na wenyeji. Mtoto atakumbuka hilo kuliko zawadi.

ShangaziRukia (London)

Assalam aleikum. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, lakini nimepika miaka mingi kwenye jiko la kosher (chakula halali kwa Wayahudi) hapa London, kwa hiyo nitakaa upande wangu wa chakula.

Mkifanya Philadelphia, ndugu wasilete chakula kutoka majumbani mwao hadi mmeuliza. Jiko la sinagogi lina msimamizi, na sufuria ya mgeni inaweza kulitia najisi kwa sheria zao. Pia Sabato hakuna kupika: kila kitu huiva Ijumaa kabla ya jua kutua na kuwekwa juu ya joto. Hapo ndipo vyakula vyetu vinapofaa kuliko wengi wanavyodhani. Nyama na maziwa havichanganywi, lakini tui la nazi si maziwa. Wali wa nazi unakaa na kuku bila tatizo lolote. Mbaazi za nazi, kachumbari, sambusa za dengu, mahamri ya tui, vyote vinapita ilimradi viungo na jiko vimekubaliwa. Pilau ya nyama ya kosher inakubali kukaa kwenye joto usiku kucha na inazidi kunoga. Biriani nayo toa mtindi, tumia nyanya na ndimu. Samaki awe na magamba na mapezi: changu sawa, sato sawa. Kambare hapana, papa hapana, kamba na kaa hapana kabisa. Niliwahi kumwandalia binti wa watu wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wazee wa Kiyahudi wa pale walirudi kujaza sahani.

Bahasha za pesa msiwakabidhi Sabato, hawashiki pesa siku hiyo. Wapeni kabla au baada. Wengi hutoa kwa hesabu ya 18, kwa maana herufi za neno lao la uhai zinajumlishwa 18. Wageni wenu wa Kenya waambieni mapema, wasije wakatangaza harambee katikati ya ibada.

MwalimuDaudi (Boston)

Ninaandaa watoto kwa bar mitzva (ya mvulana) na bat mitzva, na ningependa tukae kidogo kwenye swali la pili la mama Yael, maana mahali hata pawe pazuri vipi, mtoto asiyejiandaa atateseka.

Gombo la Torati halina irabu wala alama za sauti. Kuna konsonanti tupu kwenye ngozi. Mtoto anasoma kwenye kitabu cha mazoezi kiitwacho tikun, chenye safu mbili: moja ina irabu na alama zote, nyingine iko kama gombo lenyewe. Anahama kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili hadi macho yazoee.

Rekodi peke yake ni njia ya haraka na dhaifu. Mtoto anakariri wimbo, siku yenyewe anapotea neno moja, na hana pa kushika ili arudi. Tena akihamia parasha nyingine anaanza upya. Darasa la sinagogi linampa marafiki, na hilo ni muhimu kwa umri ule, lakini mwalimu anagawanyika. Mwalimu wa peke yake, mara moja kwa wiki kwa karibu mwaka mzima, huku mtoto akijifunza alama zenyewe, ndiyo njia ninayoiamini. Alama za Torati na za haftara zina sauti tofauti. Anza na za haftara, kwa sababu kitabu cha haftara kina alama zote na mtoto anapata moyo. Rekodi mtumie kama msaada wa nyumbani.

Waliokulia pwani wataelewa: ni kama mtoto wa madrasa anayefundishwa tajwidi badala ya kufuata tu sauti ya msomaji wa kaseti. Akizijua kanuni, ataisoma sura yoyote.

Sasa mahali. Naona wote mnazungumza kana kwamba tarehe ni moja tu. Msichana akitimiza umri, tayari amekuwa bat mitzva, sherehe iwepo isiwepo. Kuanzia siku hiyo anaweza kuitwa Sabato yoyote. Sherehe ya wasichana nayo ni desturi changa: Judith Kaplan, anayetajwa kuwa wa kwanza Marekani, aliifanya New York tarehe 18 Machi 1922, na alisoma kutoka kitabu cha chapa, si gombo. Kwa hiyo mnaweza kufanya Lekh Lekha mahali pamoja na kumwita tena mahali pengine. Wazo langu: Lekh Lekha iwe mahali bibi alipo, kwa sababu ile Isaya haihami, iko Sabato ile tu. Marafiki wa Philadelphia wanaweza kumsikia Desemba akisoma habari za Yosefu.

Lakini je, Yael mwenyewe amesemaje?

BabaEitan (Toronto)

Mwalimu amegusa penyewe. Sisi hatukumuuliza Eitan hadi tiketi zimekatwa. Alifurahi, ila mwulizeni mapema.

MamaYael (Philadelphia)

Asanteni sana nyote. Nimekaa na Yael jana usiku baada ya Sabato kuisha. Alichosema ni kwamba anataka kumwona bibi akiwa ameketi mbele wakati anaimba, na anaogopa kusoma mbele ya watu asiowajua. Vyote viwili kwa pamoja. Tumekubaliana hivi: tutamwandikia rabi wa Nabugoye wiki hii. Ikikubalika, Yael ataimba haftara Mbale, na kwenye Torati atasoma sehemu fupi, nyingine waisome watoto wa pale. Desemba ataitwa hapa nyumbani na atasoma zaidi mbele ya darasa lake. Jerusalem tutakwenda akiwa mkubwa kidogo, kwa hamu yake mwenyewe.

Mwalimu wa peke yake tumempata, anaanza na haftara kama ulivyosema.

Mama ameuliza jambo moja nami sijui pa kuanzia. Anataka talit ya Yael, yaani shali ya kusalia, ishonwe kwa leso aliyomtunzia tangu azaliwe. Inawezekana?

MwalimuDaudi (Boston)

Inawezekana, na nimewahi kuona nyingine nzuri sana. Talit ni nguo yenye pembe nne iliyofungwa nyuzi za tzitzit kwenye pembe hizo. Kinachokatazwa ni kuchanganya sufu na kitani katika nguo moja. Leso ni pamba, kwa hiyo mko salama, ila mwonyesheni rabi maandishi yake kabla ya kushona. Nguo iwe pana ya kutosha kumfunika mabega vizuri, pembe ziongezewe vipande vya kitambaa kigumu ili tundu lisichanike. Nyuzi nunueni zilizosokotwa kwa ajili ya tzitzit, na Yael azifunge mwenyewe akiwa na mwalimu wake. Bibi anaweza kumvika kabla ya ibada. Hata asiye Myahudi anaweza kumvika mjukuu wake, mpangilieni tu na rabi.

Kimani_NRB

Mambo ya barabara sasa. Mama yako ataingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti si lazima. Nyinyi wenye pasipoti za Marekani mkitaka kupita Kenya na Uganda, angalieni visa ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki: dola 100, siku 90, Kenya, Uganda na Rwanda. Uganda wanataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chukueni mapema.

Kutoka Nakuru mtapita Eldoret, Webuye na Bungoma hadi Malaba, kisha Tororo na Mbale. Msipange kufika Ijumaa. Wakati huo kuna mvua, na foleni ya malori Malaba haijali kwamba jua linakaribia kutua. Fikeni Jumatano, mama apumzike, na Yael apate Alhamisi nzima ya kuzoea sinagogi na kulishika gombo watakalosomea.