Domeni ya bure kwa GitHub Pages na seva ya nyumbani: nianzie wapi?

Chipukizi_Wavuti:

Wakuu salaam. Nina miradi miwili isiyo ya biashara. Wa kwanza ni tovuti ya kurasa tuli iliyo GitHub Pages (huduma ya GitHub ya kuchapisha tovuti), inayofunguka sasa kwa anwani inayoishia na github.io. Wa pili ni kompyuta ndogo ya nyumbani inayoendesha programu ya kuhifadhi maelezo yangu. Hiyo nataka kuifikia nikiwa mbali, kwa HTTPS, ila IP ya nyumbani hubadilika.

Miongozo mingi inaelekeza Freenom, kampuni iliyokuwa ikitoa majina ya bure, kuchukua .tk au .ml, lakini usajili haupo. Je, bado kuna jina la bure la kuaminika? Na likishapatikana, linaunganishwaje na vitu hivi viwili bila kukwama?

---

Zoni53:

Mkuu, miongozo hiyo imepitwa. Freenom ilisitisha usajili mpya mapema 2023, na Februari 2024 ikatangaza kujitoa katika biashara ya domeni. Mwaka huohuo 2023 .ga ilirudi kwa Gabon na .ml ikarudi kwa Mali, na waliokuwa wamejenga humo kwa majina ya bure wakapoteza anwani zao. Kwenye kumbukumbu za usajili mwenye jina la bure alikuwa kampuni, mtumiaji aliruhusiwa kulitumia tu. Kwa hiyo jambo la kupima kabla ya kuchagua ni hili: siku huduma ikifungwa au ukitaka kuhama, nini kinabaki mikononi mwako?

Jina kamili chini ya .com au .org haliwezi kuwa la bure kwa kudumu, kwa sababu msimamizi wa .com au .org humtoza msajili (kampuni inayokuuzia jina) kila mwaka. Ukiona "bure", kuna anayekulipia mwaka wa kwanza. Kifurushi cha wanafunzi cha GitHub, kwa mfano, kimekuwa kikitoa .me kwa mwaka mmoja. Ni kizuri, ila soma bei ya kuhuisha kabla hujachapisha anwani hiyo popote.

Yanayobaki ni majina chini ya domeni ya mtu mwingine, na hapo kuna tofauti kubwa ambayo miongozo haiitaji. Baadhi ya huduma hukupa rekodi moja au mbili tu za DNS (mfumo unaogeuza jina kuwa IP), basi. Nyingine hukukabidhi zoni nzima: unataja seva zako za majina, na kila kilicho chini ya jina lako unakiamua mwenyewe. Kwa miradi zaidi ya mmoja, tafuta hiyo ya pili. Chaguo langu ni eu.org, iliyopo tangu 1996 na inayokabidhi kwa NS (rekodi zinazotaja seva za majina). Pia imo kwenye Public Suffix List, orodha ambayo vivinjari na watoa vyeti huitumia kujua kwamba jina lako na la jirani yako ni mali za watu tofauti. Faida yake utaiona kwenye vidakuzi na kwenye ukomo wa vyeti.

Utaratibu wake una mtego mmoja: eu.org hukagua seva zako za majina kabla ya kupokea ombi. Wengi hujaza fomu kwanza, wanapata kosa, wanakata tamaa. Anza upande wa pili:

1. Fungua akaunti kwenye huduma ya DNS inayokubali zoni ambayo bado haijakabidhiwa. deSEC inafaa na ni ya bure. Unda zoni `jinalako.eu.org` humo.
2. Hakikisha seva zote mbili za majina za deSEC zinajibu kuhusu SOA, rekodi kuu ya zoni, kwa amri ya dig:
`dig SOA jinalako.eu.org @ns1.desec.io +norecurse`
kisha rudia kwa `ns2.desec.org`. Unatafuta NOERROR na alama ya `aa` (seva ina mamlaka juu ya zoni). Ukipata REFUSED, seva haiijui zoni hiyo.
3. Sasa nenda nic.eu.org, fungua akaunti, omba jina, andika seva zote mbili na uchague ukaguzi kamili, ule wa SOA pamoja na NS.
4. Subiri. Maombi hupitiwa na binadamu wanaojitolea, na hakuna muda wa uhakika. Usitume ombi lilelile mara nyingi, unawaongezea foleni tu.

Wakati unasubiri, deSEC hiyohiyo imekuwa ikitoa majina chini ya dedyn.io. Akaunti yako ikiruhusu, fanyia majaribio yako huko.

---

NuktaYaMwisho:

Naongezea upande wa GitHub Pages maana hapo ndipo watu hupoteza saa nyingi.

Kama tovuti itakaa kwenye `www.jinalako.eu.org`, rekodi ni moja tu: CNAME (inayoelekeza jina moja kwenye jingine) kutoka `www` kwenda `jina-lako-la-github.github.io.` Usiweke jina la hazina (repository ya mradi wako) mwishoni, wala https mwanzoni. Nukta ya mwisho niliyoandika si kosa la uchapaji. Baadhi ya paneli usipoiweka huongeza zoni yako nyuma, na unabaki na `...github.io.jinalako.eu.org` ambayo haipo popote.

Kama unataka jina tupu bila www, CNAME haiwezekani. Juu ya zoni tayari kuna SOA na NS, na CNAME hairuhusiwi kuishi na rekodi nyingine kwenye jina lilelile. Weka rekodi A nne (zinazotaja IP moja kwa moja): 185.199.108.153, 185.199.109.153, 185.199.110.153 na 185.199.111.153. Weka zote nne, usichague moja.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya hazina, sehemu ya Pages, andika domeni yako na usubiri ukaguzi wa DNS upite ndipo uwashe kulazimisha HTTPS. Kisanduku hicho kikiwa kimefifia, cheti bado hakijatoka, na kinaweza kuchukua hadi saa 24. Kama DNS yako iko Cloudflare, zima lile wingu la chungwa (linalopitisha wageni kwa Cloudflare kwanza) mpaka cheti kitoke, la sivyo GitHub inaona IP za Cloudflare badala ya zake. Na ukija kuliwasha baadaye, usiweke SSL kwenye Flexible: Cloudflare itaiendea GitHub kwa HTTP, GitHub itairudisha kwenye HTTPS, na kivinjari kitazunguka mpaka kitoe ERR_TOO_MANY_REDIRECTS.

Jambo la usalama ambalo naomba usiliruke: thibitisha domeni kwenye mipangilio ya akaunti yako ya GitHub kwa TXT (rekodi ya maandishi) ya `_github-pages-challenge-...` utakayopewa. Bila hiyo, siku ukifuta tovuti na kusahau CNAME, mtu mwingine anaweza kulidai jina lako kwenye hazina yake na kuchapisha anachotaka kwa anwani yako. Ukiondoa mradi, ondoa rekodi kwanza.

Kwa anayetaka tovuti tuli pekee na anajua Git, is-a.dev ni rahisi zaidi: unatuma faili la JSON kwenye folda `domains` ya hazina yao. Kwa mahitaji yako mawili, eu.org ni bora.

---

Chipukizi_Wavuti:

Asanteni sana wakuu. Zoni imejibu vizuri kwa dig, ombi nimelituma. Kwenye seva ya nyumbani nimejaribu DuckDNS, huduma ya kufuatisha jina na IP inayobadilika. Skripti inajibu OK, jina linaonyesha IP, lakini kutoka nje hakuna kinachofunguka hata baada ya kufungua poti 80 na 443 kwenye ruta. Ukurasa wa ruta unasema IP ya WAN (upande wa intaneti) ni 100.72.x.x. Hiyo ni kawaida?

---

Salama443:

Hapo umeshapata jibu. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ni za CGNAT: mtoa huduma wako wa intaneti ameweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. DuckDNS inaona ile ya umma, skripti inafurahi, lakini ombi likifika kwa mtoa huduma halijui liende kwa mteja gani. Kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii. Kipimo cha haraka kwa yeyote: linganisha IP ya WAN ya ruta na ile inayoonekana nje. Zikitofautiana, usiguse DNS, tatizo haliko huko.

Njia zako ni tatu. Kama una IPv6 ya kweli, weka AAAA (rekodi ya anwani ya IPv6) na ufungue poti 443 kwenye ukuta wa moto wa ruta kwa kompyuta hiyo tu, ila mtandao unaotumia ukiwa mbali nao uwe na IPv6. Ya pili ni Cloudflare Tunnel: `cloudflared` huanzisha muunganisho kutoka ndani kwenda nje, CGNAT haiizuii, lakini zoni yako lazima iwe Cloudflare. Ya tatu ni VPN: Tailscale au WireGuard. Kwa maelezo binafsi unayosoma peke yako ningechukua hii ya tatu bila kusita. Programu ya namna hiyo haina sababu ya kuonekana na dunia nzima.

Ukienda njia ya AAAA au ya VPN, chukua cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt kwa DNS-01, si HTTP-01; hizo ni njia mbili za kuthibitisha kuwa jina ni lako. HTTP-01 inahitaji poti 80 ifikike kutoka nje. DNS-01 inahitaji TXT ya `_acme-challenge` tu. acme.sh, skripti ya kuomba vyeti, ina programu-jalizi ya deSEC, na tokeni ya API unaipata kwenye akaunti yako. Kwanza endesha kwenye mazingira ya majaribio ya Let's Encrypt, maana yale halisi huzuia vyeti zaidi ya 5 vya majina yaleyale ndani ya siku 7, na skripti yenye kosa inayojirudia humaliza nafasi hizo dakika chache.

Mwingine akibaki na DuckDNS: inashika thamani moja tu ya TXT kwa wakati mmoja. Ukiomba cheti kimoja chenye `*.jina.duckdns.org` pamoja na `jina.duckdns.org`, thamani ya pili inaweza kuifuta ya kwanza na ukaguzi ukashindwa. Omba vyeti viwili tofauti.

Pia kumbuka kila jina linalopewa cheti huingia kwenye kumbukumbu za umma za Certificate Transparency, na roboti huanza kuligonga muda mfupi tu baadaye. Usiite seva `maelezo-siri.jinalako.eu.org` ukidhani hakuna atakayejua. Cheti cha `*.jinalako.eu.org` huficha majina ya ndani.

---

Zoni53:

La mwisho kwangu: siku ukihamisha zoni kutoka deSEC kwenda kwingine, na kama uliwasha DNSSEC (saini za usalama za DNS), ondoa kwanza rekodi ya DS inayounganisha saini hizo upande wa eu.org, subiri TTL yake (muda wa kukumbukwa) iishe, ndipo ubadilishe NS. Ukigeuza mpangilio huo utapata kosa la SERVFAIL kwa watumiaji wa 1.1.1.1 na 8.8.8.8, seva za DNS zinazokagua saini, huku wengine wakiona tovuti iko sawa, na utatafuta kosa mahali lisipokuwepo. `dig +cd` (isiyokagua saini) ikijibu wakati `dig` ya kawaida inakataa, ni DS.