Eti "gesi gani, mbona siioni?" Wakuu, jana nimedhalilishwa mbele ya wapangaji

Fundi Baridi:
Wakuu, sijalala. Yule bosi wa jengo letu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Jana kakusanya wapangaji, walinzi, mafundi, hadi mama wa chai, atuonyeshe malengo ya jengo letu hapa Posta: kupunguza hewa ukaa kwa nusu ifikapo 2030, maana wawekezaji wake wanataka kuona namba. Mimi nikafurahi kwa moyo mmoja. Joto la Dar la Februari nalijua mimi ninayepanda juu ya paa saa saba mchana.

Nikanyoosha mkono kwa adabu. Bosi, mbona kwenye hesabu sioni gesi ya AC? Akanitazama kuanzia buti hadi kofia, akasema: "Gesi gani? Mbona siioni?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hadi mlinzi niliyemkopesha nauli juzi!

Gesi gani! Mwaka jana nimejaza kilo 10 za R-410A, ndiyo gesi yenyewe ya AC, kwa mikono hii, mabomba ya ghorofa ya tano yanavuja kama kifumbu. Kilo moja ya gesi ile ikitoka hewani, kwa hesabu ya miaka 100 inapasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Kilo 10 ni karibu tani 21! Jenereta yetu ingenywa dizeli lita 7,800 hivi ndipo itoe kiasi hicho. Yeye haioni.

Halafu mwaka wa kulinganishia kachukua 2019, jengo limejaa hadi ghorofa ya mwisho. Leo ghorofa tatu wanalala popo, anatangaza tumepunguza umeme. Apige hesabu ya umeme kwa kila mita ya mraba yenye mtu, tuone! Akaongeza kwamba umeme wetu siku hizi ni safi. Ni safi kwa sababu ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mitambo tisa, megawati 2,115. Yeye kule kashika hata koleo?

Kapigiwa makofi. Mimi nimeambiwa "gesi gani". Mbele ya mama wa chai!

Kibuyu:
Pole mkuu. Ungemuuliza, na hiyo hewa ukaa anayoipunguza ameshawahi kuiona?

Fundi Baridi:
Ndugu yangu, jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi na jibu hilo?

Mzee wa Mizani:
Mleta uzi acha kulia. Fundi mkuu wewe, mabomba yanavuja wewe upo. Aliyetakiwa kuyaziba ni nani, mama wa chai?

Fundi Baridi:
Nimeandika barua tatu kuomba mabomba mapya. TATU. Kila mara naambiwa bajeti haijapita. Kisha ananiuliza gesi gani!

Ghorofa ya Tisa:
Kumbe ndiyo maana AC yetu inazimwa saa nane mchana? Sisi tumeambiwa tunaokoa dunia. Ofisini kwake ni nyuzi 16, nimeingia kusaini mkataba nimetoka na mafua. Na kodi ya pango haijashuka hata shilingi.

Binti Samora:
Afadhali nyie mna AC ya kuzimwa. Kwetu lifti imekufa tangu Idi, mteja akifika ghorofa ya saba anaomba maji kabla ya salamu.

Kibuyu:
Jengo lile la vioo vya kijani? Lifti hiyo nilikwama dakika 40 na dada mwenye ndoo ya dagaa!

Binti Samora:
Hilohilo! Harufu ile haijatoka hadi leo.

Mzee wa Mizani:
Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?

Fundi Baridi:
Wakuu, tusitoke kwenye mada. "Gesi gani" jamani! Kwa fundi wa miaka 19!

Ghorofa ya Tisa:
Wa Kigoma hawanuki hivyo. Hao watakuwa wa Mwanza, na mchanga wao.

Binti Samora:
Mwanza msiiguse. Dagaa wakioshwa vizuri hawana mchanga, shida yenu ni uvivu.

Kibuyu:
Mimi nilikwama nao dakika 40, naomba nisikilizwe.