RNA kutoka bandama 400 za kuku: njia ya bei nafuu?

Vishimo96: Habari wakuu. Kuna sampuli 400 za kuku, bandama na damu, za kupima utendaji wa jeni kwa qPCR (kipimo kinachonakili jeni na kuhesabu kiasi chake). Seti za dukani zinamaliza bajeti yote. TRIzol (dawa ya fenoli na guanidini inayovunja seli) inawezekana kwenye sahani ya vishimo 96? Majaribio ya awali yametoa 260/230 (uwiano wa mwanga unaoonyesha usafi wa RNA) ya 0.8, na DNA imejaa.

Mtikisaji: Inawezekana, ila usiifanye RNA itue kama mashapo kwa isopropanoli ndani ya sahani. Rota nyingi za sahani, za mashine ya kuzungusha sampuli, huishia karibu g 4,000 (mara 4,000 ya mvutano wa dunia); RNA inataka g 12,000 ishike chini, la sivyo unaimwaga.

Weka bandama mg 20 tu. Kiungo hiki kina seli tele, ukizidisha DNA inapanda tabaka la juu. TRIzol mikrolita 500, gololi ya chuma, tikisa hadi kisibaki kipande. Klorofomu mikrolita 100, tikisa sekunde 15, subiri dakika 3, zungusha g 4,000 kwa dakika 30, nyuzi 4. Sahani iwe polipropilini. Polistairini huyeyushwa na klorofomu.

Vuta mikrolita 150 za juu, zinazobaki ziache. Tamaa ya tone la mwisho ndiyo inayokuletea fenoli na DNA. Kisha ethanoli mikrolita 150 na chembe za sumaku zenye silika, zinazonasa RNA, mikrolita 20, changanya dakika 5, osha mara 2 kwa ethanoli 80%, toa kwa maji mikrolita 50. Itifaki huria za BOMB (2019) zinaeleza jinsi ya kujitengenezea chembe hizo.

Damu_na_Kiini: Kwenye damu angalia sana: chembe nyekundu za ndege zina kiini, hivyo DNA ni nyingi mno kuliko ya ng'ombe. Mikrolita 25 kwa 500 za TRIzol zinatosha. DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) ni lazima, na kila sahani iwe na vishimo visivyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA, vionyeshe kama DNA imebaki.

Hiyo 0.8 ni mabaki ya guanidini. Usirudie sampuli kwa sababu hiyo pekee. Zimua cDNA mara 10, Ct (mzunguko ambao qPCR inaanza kuiona jeni) ipande takriban 3.3. Ikipanda pungufu, kuna kizuizi, osha tena.

Vishimo96: Asanteni. Na kuhifadhi shambani bila barafu kavu?

Mtikisaji: Loweka kwenye dawa hii: amonia salfeti gramu 70 kwa kila ml 100 za maji, pamoja na sitreti mM 25 na EDTA mM 10, pH 5.2. Kata bandama vipande vyembamba chini ya mm 5, dawa isipenye polepole. Ujazo wa dawa uwe mara 5 ya kipande au zaidi. Usiku mmoja nyuzi 4, halafu −20.

Mabaki ya TRIzol, wakuu, yasikutane na Jik kamwe: hutoa gesi ya sumu.