MREJESHO: Vile vijukwaa vya mawe kwenye mageti ya mashamba, Devon

Ndugu zangu, niliuliza vile vijukwaa vya mawe vinavyofika kiunoni, kando ya barabara za mashambani huku Devon, Uingereza, vilijengwa kwa kazi gani. Wengi mlisema ni vya kupandia farasi. Mmoja alisema ni vya keni za maziwa, na huyo ndiye aliyepatia.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha lori la maziwa ujanani, amenithibitishia. Mkulima akishakamua alfajiri alipanga keni juu ya jukwaa, usawa wa bodi ya lori, ili dereva asinyanyue kutoka chini. Keni ya galoni 10, yaani lita 45 hivi, ikijaa ina uzito wa mtu mzima. Mzee hakuibeba: aliiinamisha, akaizungusha kwa ukingo wa chini, kiganja juu ya kifuniko. Alinionyesha kwa keni kuukuu aliyoipandia maua. Mikono yake haijasahau kabisa!

Mwaka 1979 ukusanyaji wa keni ulikoma England na Wales, yakabaki malori ya tenki. Hapo dereva alinusa kwanza maziwa kwenye tangi la baridi la shambani, akapima kina, akachukua sampuli, ndipo akayavuta kwa mpira. Yakiwa na harufu aliyaacha, maana yangeharibu ya mashamba yote aliyokwisha kupitia.

Kijukwaa cha karibu na kwangu mwenye shamba anataka kukivunja apanue geti. Nimemsihi asubiri. Jumamosi nampeleka mzee wakaonane.