Kuhamisha akaunti ya Kindle kutoka duka la Uingereza kuja Tanzania

Msomaji_Chake
Assalaam alaykum. Akaunti yangu ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ilifunguliwa Uingereza, sasa nakaa Chake Chake. Kadi ya benki ya hapa nimeshaiingiza lakini kila nikinunua inakataliwa, na vitabu vingine vinaandikwa havipatikani. Nikibadilisha nchi, vitabu vyangu vya zamani vitapotea? Bado nina salio la kadi ya zawadi la pauni, na Kindle Unlimited, ule usajili wa kuazima vitabu kwa malipo ya kila mwezi, inaendelea kukatwa.

FundiDarajani
Waalaykum salaam. Vitabu ulivyonunua vinakufuata. Visivyokufuata ni vile vitu viwili ulivyomalizia navyo, salio na Kindle Unlimited, kwa hiyo usiguse nchi kwanza. Salio la pauni linatumika kwenye duka la Uingereza tu, basi limalize huko huko. Kindle Unlimited haipo kwa akaunti za Tanzania: isitishe, na ujue vitabu vya kuazima vitaondoka muda uliolipia ukiisha.

Baadaye ingia Amazon kwa kivinjari, si kwenye Kindle yenyewe. Fungua ukurasa wa kusimamia vitabu na vifaa, bonyeza Preferences, tafuta mpangilio wa nchi, ubadilishe na ujaze anwani. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Ukishahifadhi, hapo hapo hutokea kiungo cha kukuhamishia Amazon.com, maana Tanzania haina duka lake. Usipokithibitisha, unabaki na anwani ya Pemba na duka la London.

Yakhe_wa_Wete
Taabu zote hizo za nini? Washa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, weka anwani ya Marekani, yakhe, umalize.

FundiDarajani
VPN haisaidii. Duka linafuata nchi iliyoandikwa kwenye akaunti, si mtandao unaotumia. Na anwani ya uongo inapingana na kadi ya benki ya Tanzania, pia ni kinyume cha masharti yao.

BintiMkunazini
Niongeze la kadi, maana hilo halitatengezwa na kuhama peke yake. Kitabu cha Kindle hakilipiwi na kadi uliyoiingiza mwisho. Hulipiwa na ile iliyowekwa kuwa ya msingi kwa ununuzi wa mbofyo mmoja (1-Click). Kama kadi ya Uingereza bado imekaa pale, itajaribiwa hiyo hiyo, hata uongeze kadi tano. Iko kwenye Preferences hiyo hiyo, sehemu ya malipo ya kidijitali. Badilisha kadi pamoja na anwani yake ya malipo.

Halafu waulize benki kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje. Nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa. Bei itakuwa ya dola, basi acha shilingi za ziada kidogo kwa ajili ya ubadilishaji na makato.

Kuhusu vitabu visivyopatikana, baadhi vitafunguka, vyengine havitafunguka kabisa. Mchapishaji huuza haki kwa nchi, na Amazon haina la kufanya.

Msomaji_Chake
Ahsanteni sana. Anwani naandikaje, mtaa wetu hauna namba? Na Kindle yenyewe niiguse?

FundiDarajani
Mstari wa kwanza andika sanduku la posta au jina la mtaa na shehia, mji Chake Chake, kisha postikodi ya shehia yako, tarakimu tano. Za Zanzibar zote huanza na 7. Simu ianze na 255, ile sifuri uitoe.

Kindle iunganishe na Wi-Fi, uisawazishe. Ikiendelea kufungua duka la zamani, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 40 ijiwashe upya. Kuifuta kwenye akaunti na kuisajili tena kuwe ndiyo dawa ya mwisho, kwani utalazimika kupakua vitabu upya, na bando hapa unalijua. Kama inakataa hotspoti ya simu, weka hotspoti kwenye masafa ya 2.4 GHz, Kindle za zamani hazioni ya 5 GHz.

BintiMkunazini
Na faili zako za skuli za EPUB au PDF hazihusiani na nchi. Ukizituma kwa baruapepe ya Kindle zinafika kama kawaida, mradi anwani unayotumia kutuma umeiruhusu kwenye akaunti.